Jiko la Nje Nalo Lina Ndani

(Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi bomba na vijana wanaosomea ufundi, Tanga. Nimeyaandika upya kutoka kwenye rekodi ya simu, nikapunguza utani uliozidi.)

Ndugu mwenyekiti, walimu, mafundi wenzangu, na nyie vijana mliokaa juu ya mabomba huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: habari za asubuhi. Wazee wangu mlionitangulia kwenye kazi, shikamooni. Itifaki nyingine naomba ichukuliwe kuwa imezingatiwa, maana jua linapanda na nimekuja na kitu ambacho hakipendi jua. Mtakiona.

Nimeambiwa niseme juu ya kupeleka gesi kwenye jiko la nje. Zamani ungeniletea mada hiyo ningekuuliza, nani ana gesi uani? Uani kuna mkaa, kuna mafiga, kuna bibi na upawa wake. Leo hoteli za Pangani zina jiko pembeni ya bwawa la kuogelea. Mwenye banda la nyama choma amechoka kupandishiwa bei ya gunia la mkaa. Mtu amerudi kutoka Maskati au London anataka akae bustanini kwake ageuze mishikaki kwa kubonyeza kitufe. Serikali nayo imesukuma: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sasa fikirieni jiko la shule ya bweni. Liko wapi? Liko nje, chini ya bati, halina kuta. Mabomba yake atayavuta nani? Mtapigiwa simu nyie.

Na mkipigiwa, mtaambiwa maneno matatu ambayo mimi nimeambiwa mara nyingi kuliko jina langu: "Fundi, nje tu." Maana yake kazi ni ndogo, hela iwe ndogo, na ukianza kuzungumzia koki na matundu ya hewa unaonekana unatafuta ulaji. Nje kuna upepo bwana, gesi itapotelea angani.

Niliwahi kuamini hivyo. Mwaka 2009 nilifunga jiko la nje kwenye nyumba moja Bagamoyo. Kaunta ya matofali, imepigwa marumaru nyeusi juu, milango ya mninga chini, mtungi wa kilo 15 umekaa mle kabatini ili mwenye nyumba asiuone. Kulikuwa na yunioni moja, kile kiungo cha bomba kinachofungulika, chini ya grili. Niliifunga kwa mkono tu, nikasema fundi marumaru akimaliza nitarudi niikaze kwa spana. Fundi marumaru akachelewa siku nne. Niliporudi nilikuwa na haraka ya kazi nyingine. Nikapaka sabuni viungo vyote nilivyoviona. Ile yunioni sikuiona. Nikanusa, pua haikusema kitu. Upepo ulikuwa unatoka baharini. Nikachukua hela yangu nikaondoka.

Jioni yake shemeji wa mwenye nyumba akabonyeza kiwashio. Waliokuwepo waliniambia haukuwa mlio wa bomu la sinema. Ilikuwa "vuu!" kama mtu anakung'uta zulia kubwa. Mlango mmoja wa mninga ukang'oka na bawaba zake ukaruka hatua kama sita ukapiga shina la mwembe. Shemeji alibaki hana nyusi, hana ndevu, na mkono wa kulia ukababuka hadi kwenye kiwiko. Alipona. Nilirudisha hela yote, nikalipa na hospitali, na nilipokwenda kumwomba radhi nilionyeshwa ule mwembe. Kovu lipo kwenye gome, usawa wa kifua cha mtoto wa miaka saba.

Sasa niulizeni: upepo ulikuwa wapi? Ulikuwepo. Ulikuwa unapita juu ya kaunta, unapeperusha vitambaa vya meza. Mle kabatini haukuingia. Jiko lilikuwa nje, lakini lilikuwa na ndani yake. Hilo ndilo lililonitoa Dar usiku kuja kuwaambia. Mkiitwa kwenye kazi ya nje, kabla ya kufungua begi la spana, zunguka utafute ndani iko wapi. Iko kwenye kaunta iliyo tupu ndani. Iko kwenye mtaro uliofunikwa, na kwenye shimo la taka. Iko kwenye chemba ya choo mita moja kutoka kwenye mtungi, na chemba ni mbaya zaidi kwa sababu ina bomba linaloelekea chooni, na chooni kuna mtu anavuta sigara.

Gesi ya mtungini ni nzito kuliko hewa. Propeni ni nzito kama mara moja na nusu, buteni karibu mara mbili. Haipai. Inamwagika kama maji ambayo huyaoni, inateremka ngazi, inatafuta bonde. Na haihitaji kuwa nyingi. Hewa ikiwa na asilimia kama 2 tu ya gesi hiyo, tayari inashika moto. Lile kabati la Bagamoyo lilikuwa na ujazo wa lita kama 600. Asilimia 2 ya 600 ni lita 12 za gesi. Lakini mtungini gesi iko katika hali ya maji, na lita moja ya maji yale ikitoka inatanuka kuwa lita kama 250. Pigeni hesabu: lita 12 zinatoka kwenye mililita 50 hivi. Ni kikombe kimoja cha kahawa, kile cha muuza kahawa wa barazani, kisicho na mkono. Kikombe kimoja cha kahawa kiling'oa mlango wa mninga.

Kwa hiyo kaunta lazima ipumue. Mimi siku hizi naongea na fundi mwashi kabla hajainua kozi ya kwanza ya matofali. Namwachisha matofali ya matundu pande mbili zinazotazamana, chini kabisa, sawa na sakafu ya kabati, siyo inchi sita juu yake. Inchi sita ni beseni. Mengine yanakaa juu, ili hewa iwe na njia ya kuingia na ya kutoka. Weka wavu wa kuzuia panya, lakini uwe wavu mpana. Wavu wa mbu ukipata mafuta ya kuku na vumbi, baada ya mwezi ni ukuta. Na mtungi, nikipewa uamuzi, sitaki ukae kabatini kabisa. Naujengea jukwaa la zege nyuma, kivulini, umesimama wima, mbali na chemba na mitaro, halafu naleta bomba.

Wenzangu mnaofanya kazi Dar kwenye nyumba zilizounganishwa na gesi asilia, kama baadhi ya zile za Mikocheni, au mkienda Mtwara na Lindi, geuzeni kichwa. Ile gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni metheni, nyepesi kuliko hewa, uzito wake kama nusu tu na kidogo. Inapanda. Huko tundu la muhimu ni la juu, chini ya marumaru. Fundi aliyezoea mtungi akienda Mikocheni na matundu yake ya chini peke yake, amejenga chungu kilichofunikwa kifuniko.

Nimetaja pua. Gesi yenyewe haina harufu. Ile ya yai viza mnayoijua huongezwa, na kuna sababu. Machi 18, 1937, shule ya New London huko Texas, Marekani, ililipuka. Watu karibu 300 walikufa, wengi wao watoto. Gesi asilia ilikuwa imevuja na kujikusanya chini ya sakafu na hakuna aliyenusa chochote, kwa kuwa hapakuwa na cha kunusa. Baada ya hapo ndipo sheria za kutia harufu zikashika kasi. Lakini msiifanye pua kuwa kipimo. Bomba la ardhini likivuja, udongo unaweza kuinywa ile harufu, gesi ikatokea upande wa pili haina dalili. Na fundi aliyeshinda kwenye gesi toka asubuhi, pua yake imezoea.

Sasa nije kwenye bomba lenyewe, maana naona mzee pale mbele anatazama saa.

Nyie ni mafundi bomba. Mkono wenu umelelewa na maji. Maji ya mtaani yakija vizuri yana presha ya bar 2, bar 3. Gesi baada ya regyuleta, kile kifaa cha kushusha presha ya mtungi, kwa jiko la kawaida ina milibar 30 hivi, na bar moja ni milibar 1000. Yaani ni kama mara mia moja pungufu. Maji unaweza kuyapitisha kwenye bomba jembamba mita 40 yakafika yanalalamika tu kidogo. Gesi ya milibar 30 ukiipitisha kwenye bomba hilo hilo, inafika imekufa. Kila elbo, yaani kona ya bomba, inakula, kila mita inakula. Mteja anakupigia: fundi, moto wa nje hauna nguvu. Fundi asiyejua anafanya nini? Anabadilisha regyuleta aweke ya presha kubwa. Hapo amefungua mlango ambao siusemi.

Dawa ni kipenyo. Ukiongeza kipenyo cha bomba mara mbili, linapitisha gesi zaidi ya mara tano kwa upotevu ule ule wa presha. Kwa hiyo kwanza jumlisha majiko yote, kisha pima urefu, kisha ndiyo uchague bomba. Safari ikiwa ndefu sana, tumia regyuleta mbili: ya kwanza mtungini inashusha nusu ya njia, ya pili inakaa karibu na jiko na kumalizia.

Na katika kujumlisha, nawapa siri ambayo haipo kwenye kitabu: msimuulize mwenye nyumba. Muulizeni anayepika. Mwenye nyumba atakuonyesha grili yake ya vichomeo vinne, inang'aa, ina kipimajoto kwenye mfuniko. Sawa, hiyo labda kilowati 12. Dada wa jikoni atakwambia kweli: grili hiyo inawashwa Krismasi na Idi. Kinachopika kila wiki ni lile jiko kubwa la chini, la sufuria ya pilau, na hilo peke yake linaweza kula sawa na grili nzima. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya kilowati 13 hivi kwa saa moja. Shughuli ikiwasha vyote pamoja, kilowati 25, unachoma karibu kilo 2 kila saa. Ukiweka mtungi wa kilo 6 hapo, kabla hata haujaisha utatoka jasho.

Mmewahi kuona mtungi unatoka jasho? Unaguswa, baridi, umelowa upande wa chini, wakati mwingine una ukungu mweupe. Ile gesi iliyo katika hali ya maji inachemka mle ndani ili itoke, na ikichemka inanyonya joto la mtungi. Ukiivuta haraka kuliko mtungi unavyoweza kupokea joto kutoka nje, unapoa, presha inashuka, moto unanyong'onyea. Pwani hapa tunasaidiwa na joto. Lushoto mwezi wa saba hakuna msaada huo. Nimeona watu wakiulaza mtungi ili "gesi ije." Inakuja kweli, lakini inakuja ikiwa maji, inapita kwenye regyuleta, na mkumbuke ile hesabu ya mara 250. Nimesikia na wa kuuwekea mkaa chini. Sina la kuongeza. Suluhisho ni mitungi miwili iliyounganishwa, au mtungi wa kilo 38, basi.

Kuhusu aina ya bomba nitapita haraka. Bomba za plastiki za maji hazifai kupitisha gesi, hata kama dukani wamekwambia zinahimili bar 10. Chuma cheupe, kile kilichopakwa zinki, kwa hewa ya chumvi hapa Tanga, kwenye nyuzi za skrubu pale ulipokata ile zinki imeondoka, na kutu inaanzia hapo hapo. Kopa, yaani shaba, ni nzuri, ila msiifunge ukutani kwa vibano vya chuma. Ikigusana na chuma kwenye chumvi, chuma kinaliwa, bomba linabaki linaning'inia. Mkipita ukutani wekeni bomba kubwa la kulivika, lisisuguliwe na tofali.

Ardhini ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu ardhini kuna adui ambaye hana nia mbaya: mtunza bustani. Yeye ana jembe, amepewa miche ya waridi, hajui kama wewe ulipita. Bomba la njano la plastiki maalumu ya gesi, linalounganishwa kwa kuyeyushwa, ndilo zuri chini. Lakini likae chini. Halitakiwi kuchungulia juani. Kabla halijatoka ardhini badilisha liwe la chuma au kopa. Mimi nachimba nusu mita, natandika mchanga uliochekechwa usio na kokoto, nalaza bomba, nalaza na waya wa shaba pembeni yake, kwa sababu plastiki haionekani na kifaa cha kutafuta chuma ardhini, waya unaonekana. Nafukia kiasi, kisha natandaza utepe wa njano wa onyo juu, jembe likutane nao kwanza. Kabla ya kufukia napiga picha mtaro ukiwa wazi, futi ya kupimia imelala mle ndani na kona ya nyumba inaonekana. Picha hiyo naituma kwenye WhatsApp ya mwenye nyumba, ya mkewe, na ya mtunza bustani mwenyewe. Huyo wa tatu ndiye ameniokoa mara mbili.

Koki ziwe mbili kwa uchache. Moja kwenye kila jiko, nyingine mahali ambapo mtu anaweza kuifikia bila kunyosha mkono juu ya moto. Nimeikuta koki ya dharura nyuma ya grili. Ukiifuata, umeshaungua.

Halafu kuna upepo. Majenzi mengi hufanyika wakati wa kaskazi, watu wapo likizo, hela ipo. Jiko linapangwa kufuata upepo wa wakati ule. Mwezi wa tano kusi inaingia, inakuja upande mwingine kabisa, inazima moto huku gesi inaendelea kutoka. Kama jiko halina ile sindano ya usalama inayofunga gesi moto ukizimika, wewe umeliacha koki wazi bila kujua. Muulizeni mvuvi yeyote kusi inagonga wapi kwenye uwanja huo. Hatozi kitu.

Na wadudu. Nilidhani ni hadithi mpaka nilipofungua mwenyewe. Buibui mdogo anapenda kuingia kwenye kile kibomba cha kichomeo, pale gesi na hewa zinapochanganyika, anajenga. Grili ikikaa miezi mitatu bila kuwashwa, gesi inakuta njia imezibwa, inarudi nyuma, inawaka chini ya vitufe, mahali vidole vilipo. Brashi ndefu ya chupa inatosha. Nyigu wa matope naye anaziba kitundu kidogo cha kupumulia kwenye regyuleta, kwa hiyo kitundu hicho kielekee chini, mvua isiingie na nyigu asipapende.

Grili za kontena, zilizotumika Marekani, mnazijua. Kabla ya kuunganisha, soma kibati chake kimeandikwa gesi gani. Tundu la gesi asilia ni kubwa kuliko la gesi ya mtungi. Ukiipa mtungi grili ya gesi asilia, moto utatoka mrefu, wa manjano, una masizi, na mteja atafurahi: "Fundi, huu moto!" Badilisha nozeli, au mwambie hapana. Moto unaotakiwa ni wa buluu, umetulia.

Sasa kile kitu nilichosema hakipendi jua.

Huu hapa. Ubao, na mpira mwangavu unaoonyesha ndani, umekunjwa kama herufi U, una maji nusu yake. Nimetia rangi ya chakula nyekundu ili wa nyuma waone. Nimeutengeneza kwa hela isiyofika bei ya soda kreti moja. Ile geji yenu ya maji ya bar 10 haiwezi kuona milibar 30; sindano haitikisiki. Hapa milibar 30 ni sentimita 30 za maji, mtu asiyejua kusoma anaona. Kwanza napiga bomba hewa kwa pampu, presha ya kutosha kuliko ile litakalofanyia kazi, majiko nimeyatenga. Hewa tu. Msitumie oksijeni ya kuchomelea, tafadhali, hata kama chupa iko pale pale. Nikiridhika nashusha hadi sentimita 30, nafunga, natia alama ya kalamu, nakaa dakika kumi nakunywa chai.

Na hapo jua linaingia. Bomba la nje likipigwa jua, hewa iliyomo inatanuka. Nyuzi moja tu ya joto inasogeza maji haya zaidi ya sentimita 3. Wingu likipita, yanashuka, unaanza kutafuta uvujaji ambao haupo. Ubaya zaidi ni kinyume chake: bomba linavuja kidogo, jua linalipasha, maji yamesimama kwenye alama, wewe unaandika risiti. Nilipima hivyo mara moja saa saba mchana nikadhani nimebarikiwa. Pimeni alfajiri, au magharibi, au funikeni bomba kwa magunia yaliyoloweshwa na msubiri.

Sasa hivi ni saa nne kasoro. Pale chini ya mkungu nimefunga bomba la mita sita lenye viungo tisa, limejaa hewa, nimelifunika gunia. Kiungo kimoja nimekilegeza kwa makusudi, robo mzunguko. Nyie mliokaa juu ya mabomba mnaanza. Maji ya sabuni yako kwenye ndoo ya kijani, brashi zipo mbili.